Mikono Mikavu ya Valeria

Valeria hakuruhusu mtu aliyepaka mafuta ashike bati lililokwisha kusafishwa. Sharti hilo alilitunga mwenyewe, na mtu wa kwanza kulivunja, hata kabla halijatungwa, alikuwa yeye.

Anayeijua baridi ya Sumbawanga ya Juni na Julai ataelewa uzito wa sharti hilo. Upepo wa huku hukausha ngozi mpaka ikapasuka. Ukitoka nyumbani bila kupaka mafuta, unafika stendi umepauka kama mtu aliyetoka mashineni kusaga, na watu wanakutazama kwa huruma wakidhani kwenu hakuna amani. Kwa mwanamke aliyeposwa ni vibaya zaidi, na Valeria alikuwa ameposwa.

Anafanya kazi mtaa wa Izia, hapa mjini, katika karakana ya Shamsi, wanakotengeneza vihenge vya chuma vya kuhifadhia mahindi. Yeye ndiye msimamizi wa usafishaji. Bati haliendi kupakwa rangi mpaka alipitishe. Wateja husifu rangi na namna vyuma vilivyoungwa. Usafi hausifiwi na mtu, ingawa rangi yote imeushikilia huo. Wapo mafundi wengi wanaofanya vizuri sehemu inayoonekana tu. Mimi siwaiti mafundi.

Kihenge kimoja walikipeleka kijiji cha Mwazye kwa kikundi cha akina mama. Baada ya msimu mmoja rangi ya ndani ilianza kubanduka, vipande vyake vikaonekana kwenye mahindi. Mwenyekiti wa kikundi ni Cornelia, mdogo wake mama yake Valeria. Alikirudisha kihenge kwa lori la Shamsi, naye akaja amekaa mbele pamoja na dereva.

"Mwanangu," alimwambia Valeria, "mahindi nimeyamwaga kwenye mkeka nikachambua rangi kama mtu anavyochambua mawe kwenye mchele. Kipakeni upya. Kikibanduka tena, wenzangu watarudi kwenye magunia yanayotobolewa na dumuzi, na mimi sitakuwa na uso wa kuwaambia lolote."

"Hakitabanduka, mama mdogo."

"Unaahidi wewe au anaahidi bosi wako?"

"Naahidi mimi."

Wakakifungua kihenge bati kwa bati, wakaondoa rangi ya zamani na kuosha kila bati kwa dawa ya kutoa mafuta. Wakati huo alikuwapo Alphonce, mkufunzi wa chuo cha ufundi kutoka Mbeya, aliyekuwa akizunguka kwenye karakana ndogo ndogo na kipimo cha leza. Kipimo chenyewe kinafanana na drili. Ukikigusisha kwenye bati, hutoa mwale unaounguza kinukta kidogo kuliko ncha ya sindano, na cheche ndogo huruka. Kila kitu kikiungua hutoa mwanga wake: chuma wake, chumvi wake, mafuta wake. Kipimo huusoma mwanga huo na kuonyesha kilichopo juu ya bati hata kama jicho halikioni. Anayekitumia huvaa miwani ya kukinga macho, na wengine husogea mbali.

Alphonce alipima bati la kwanza, akavua miwani.

"Lina mafuta hili."

"Bati hilo nimelisugua mwenyewe," alisema Valeria.

"Sijasema hujalisugua, dada. Nimesema lina mafuta."

La pili vilevile, na la tatu. Shamsi akamgeukia dereva wake, Yunusu, ambaye ni mpwa wake na kila wiki hubeba dagaa kutoka Kasanga, ziwani.

"Ni lile lori lako."

"Kila kitu Yunusu," alijibu kijana wa watu. "Mvua isiponyesha, Yunusu. Mjomba, mabati yameoshwa tangu yashuke. Hao dagaa wamerudi kwa miguu?"

Watu walicheka, lakini Valeria hakucheka. Alikuwa akifikiria vipande vya rangi juu ya mkeka wa mama yake mdogo. Alphonce aliendelea kupima, kinukta baada ya kinukta, akiweka alama ya chaki kila palipokutwa mafuta. Alipomaliza bati zima wakasogea kutazama. Katikati hapakuwa na chaki hata moja. Alama zote zilikuwa ukingoni, nne upande mmoja wa bati na moja upande wa pili.

Yunusu aliinama akatazama kwa makini.

"Nimesafirisha dagaa miaka yote," alisema. "Sijaona mwenye kidole gumba."

Mafundi wote walikuwa wakivaa glavu. Alphonce akaomba glavu za aliyebeba bati lile, akakata kipande cha ncha ya kidole na kukipima. Kilikuwa na mafuta. Glavu zilikuwa za Valeria.

"Asubuhi umepaka nini?" aliuliza Shamsi.

"Mafuta ya mgando, kama kila mtu." Kisha akaitazama mikono yake. Kila siku aliivuta glavu ya kushoto kwa mkono wa kulia uliopakwa mafuta, na ya kulia kwa mkono wa kushoto. "Basi ni mimi," alisema.

Angeweza kuilaumu baridi. Angeweza kusema wenzake pia hupaka, jambo ambalo ni kweli. Hakusema. Watu wazima wenye vyeo wameshindwa kuyatamka maneno hayo matatu.

Siku hiyo hiyo akatunga sharti lake. Wenzake walinung'unika.

"Si tununue glavu mpya?" mmoja aliuliza.

"Hiyo mpya utaivaa kwa mkono gani?"

Yeye mwenyewe alijaribu kupaka jioni na kunawa asubuhi kwa sabuni ya kufulia. Kipimo kikamkatalia. Basi akaacha kupaka kabisa, na wengine wakaona aibu, wakamfuata. Mikono ya karakana nzima ikapauka.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe ya kumuaga bibi harusi, alifika shangazi yake, Rosina, kwa bodaboda, amekumbatia kopo zima la mafuta ya mgando.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lete mikono." Aliigeuza huku na huku. "Hii ni mikono au magome ya mti?"

"Ni ya kazi, shangazi."

"Kesho mchumba wako Felisiani ataivisha pete mikono hii?"

"Pete haihitaji mafuta."

"Inahitaji sana, mwanangu. Bila mafuta haitapita hapa kwenye kifundo cha kidole."

Hata Shamsi alicheka mpaka akakaa chini. Valeria akamsihi shangazi asubiri kidogo. Mabati yalibaki machache, na yakishapita yote angepakwa hata samli. Rosina akageuza ndoo, akaikalia, kopo mapajani.

Mabati yalipita moja baada ya jingine. La mwisho likakataa. Alama za chaki zilikuwa tano, pana, juu kabisa ya ukingo. Mafundi wakatazamana, kila mmoja akinyoosha mikono yake mikavu. Hatimaye macho yote yakaangukia kwenye ndoo.

"Limeng'aa hilo," alisema Rosina taratibu. "Nilitaka tu kujitazama, nione kitambaa changu cha kichwa kimekaa sawa."

"Kimekaa sawa, shangazi," alisema Valeria, akachukua dawa na brashi.

Jua lilikuwa limeshuka na rangi ile haipakwi hewa ikipoa. Ilibidi bati lioshwe tena na kupimwa asubuhi, ndipo yote yapakwe pamoja. Shamsi alimwambia abaki nyumbani, wengine watalimaliza. Valeria alijibu kwamba aliyeahidi ni yeye. Jumamosi asubuhi, mpiga picha akiwa nyumbani kwao tayari, yeye alikuwa Izia akitazama kipimo. Bati likapita. Rangi ikapakwa.

Alifika kwenye sherehe yake adhuhuri imepita, nywele zimefungwa haraka haraka. Rosina alikuwa amemtafutia glavu nyeupe za bibi harusi ili kuficha aibu.

"Glavu nimezichoka, shangazi," alisema, akaingia mikono mitupu. Felisiani, aliyekuwa amekaa na nduguze, aliiona mikono hiyo na hakuitazama mara ya pili. Aliitazama sura yake, kama inavyompasa mwanamume mwenye akili.

Kihenge kilirudi Mwazye kabla mahindi hayajaingia. Msimu umepita. Juzi Cornelia alipiga simu kusema ameikwangua rangi kwa ukucha, kisha kwa ufunguo, haikutoka.

Sharti hilo lilimgharimu Valeria picha ya kuagwa pamoja na shangazi zake, kwa kuwa mpiga picha alikuwa ameshaondoka, na makovu mawili ya mpasuko kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia. Makovu hayo hayajafutika.