Mfumaji wa Makambako na dhahabu iliyofunguliwa kanisani

Saa kumi na mbili asubuhi, Makambako haijaamka vizuri. Malori ya mbao kutoka Njombe yanapita na taa zao katika ukungu. Ndani ya kibanda cha mabati karibu na stendi, Yunis Tweve anasukuma mkono wa mashine yake ya kufumia masweta, kulia, kushoto, kulia. Sweta la shule la rangi ya bluu linashuka taratibu hadi magotini pake.

Juu ya mashine, kwenye uzi mwekundu, kinaning'inia kipande cha njano kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

"Wateja wananitania, 'Mama Jeni, umeanza uganga?'" anasema akicheka. "Nawaambia huyo ni mwalimu wangu, na ada yake nimelipa mwenyewe."

Yunis, mjane wa miaka 47, amezaliwa Makete, upande wa Kitulo, ambako mtoto hujua sweta kabla hajajua kiatu. Sasa anaishi Mahongole na binti yake, Jenifer. Miezi ya baridi hupata hadi shilingi laki nne kwa mwezi. Miezi mingine hata nusu yake haifiki.

Shida yake ilikuwa kutunza. "Hela ya ndani ina miguu," anasema. "Leo msiba, kesho mbolea, keshokutwa shemeji anaumwa. Ukigeuka, haipo."

Mwenzake wa kwaya, Telesia, anayeuza mitumba, ndiye aliyemfungulia njia. Alimwonyesha kwenye simu soko kubwa la mtandaoni ambako watu wa nchi mbalimbali huuziana vipande vya dhahabu vya gramu moja moja. Kila kipande hufika kimezibwa ndani ya kadi ya plastiki yenye namba na muhuri wa kuthibitisha kuwa ni dhahabu halisi.

Cha kwanza kilipofika, Yunis alikiweka mezani, akapiga magoti, akaomba. Halafu akakificha kwenye debe la unga.

Kila msimu wa baridi ulipoisha aliongeza. Mara moja aliuza viwili sokoni hukohuko, akaezeka nyumba. Bei ilikuwa imepanda, na mnunuzi hakuuliza swali. Mwaka jana, Jenifer alipochaguliwa kusomea uuguzi, debe lilikuwa na vipande tisa. Vingetosha ada ya mwaka mzima.

Ila kabla ya kuuza, Yunis alitaka kushukuru.

Kwao Makete, anasema, cha shukrani hakipelekwi kikiwa kimefungwa. Mahindi huvuliwa maganda, kitenge hukunjuliwa, hata yai hutolewa kwenye pumba. "Bibi alikuwa akituambia, anayemfungia Mungu zawadi ana jambo analificha."

Basi Jumapili ya mavuno, Yunis alichukua mkasi wa kukatia uzi, akazikata kadi zote tisa. Vipande akavipanga juu ya sahani yenye kitambaa cheupe, akavipeleka madhabahuni wazi kabisa, katikati ya maboga na viazi. Mchungaji Lameki akaviombea. Yunis akarudi navyo nyumbani akiimba.

Kesho yake Jenifer alivipiga picha na kuviweka sokoni. Jibu lilikuja kabla ugali haujaiva. Jenifer alilisoma mara mbili, uso umembadilika.

"Mama, wanasema kipande kilichotolewa kwenye kadi hawanunui. Kadi ziko wapi?"

Yunis aliangalia jiko. Kadi alikuwa amewashia mkaa.

"Nilikaa chini palepale," anasema. "Niliona nimemchoma mtoto wangu kwa mkono wangu."

Walibembeleza wanunuzi wengine. Jibu likawa lilelile. Chuo kilikuwa kinafunguliwa wiki iliyofuata.

Telesia akamshauri aende Njombe kwa Bonaventura, sonara anayefanya kazi kwenye duka la mnunuzi wa dhahabu mwenye leseni. Yunis alifika na vipande kwenye leso.

"Kamwene, mama. Umeleta nini, mahari?"

"Nimeleta ada ya mtoto, baba. Usinitanie."

Sonara alivimwaga mkononi. Akaanza kuvipanga kwa kidole, kisha akasimama kwenye kimoja.

"Huyu mbona amenenepa kuliko wenzake?"

Alikisugua kwenye jiwe la kupimia, akadondosha tindikali. Alama iliyobaki ikachemka kijani. Alama za wale wanane zilibaki zikimeremeta. Huyu wa tisa alikuwa shaba iliyopakwa dhahabu.

Yunis anaponisimulia hapa, mkono wake unaachia mashine.

"Sikuwaza hela. Niliwaza madhabahu. Nilimsogezea Mungu shaba mbele ya kanisa zima, nikaimba!"

Alikikumbuka. Alikuwa amekinunua kwa bei nafuu kwa muuzaji mgeni, akajisifu kwa Telesia. Walipomtafuta sokoni, muuzaji huyo hakuwepo tena, na muda wa kudai ulikuwa umepita.

Kutoka Njombe hakwenda nyumbani. Alipitia kwa Mchungaji Lameki, akalia, akamwonyesha.

"Mzee alikigeuza kiganjani. Halafu akaniambia, 'Mama Jeni, wewe ulimfunulia. Aliyeficha ni mwingine.'"

Hapo ndipo mshtuko wa tatu ulipompata, na huo, anasema, ndio haujamtoka. Kama asingezikata zile kadi, kipande kile kingetoka nyumbani kwake kikiwa na muhuri wake, na mtu asiyemjua, pengine mjane kama yeye, angeuziwa shaba kwa jina la Yunis Tweve.

"Ningeapa ni dhahabu," anasema polepole. "Ningeapa kwa moyo safi."

Vile vinane viliuzwa dukani Njombe kwa uzito, bei ya chini kuliko ya mtandaoni. Vililipa muhula wa kwanza na sare. Muhula wa pili unatoka kwenye mashine hii, na ndiyo maana kibanda kinafunguliwa kabla ya ukungu kuondoka. Jenifer anaendelea na masomo. Anaota kuvaa sare ya muuguzi pale hospitali ya Ilembula.

Yunis ana mpango wa kuanza tena binti akimaliza chuo, gramu moja moja. Je, safari hii ataviacha ndani ya kadi zake?

Anacheka, anakigusa kile kipande cha shaba, nacho kinazunguka kwenye uzi.

"Kwa Mungu nitakwenda navyo wazi vilevile. Ila kabla ya madhabahuni, nitapitia kwa Bonaventura."