Sijawahi kubeti mpira, lakini paa la nyumba yangu nililiweka dau kwenye maua ya machungwa

Wakuu, habari za humu. Hii imenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, aibu iliyomo inatosha.

Niko Korogwe, biashara yangu ni matunda. Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili. Chenji naihesabu mbele ya konda, nikishuka naihesabu tena.

Kubeti sijawahi. Mtu wa mikeka ni shemeji yangu Shabani, timu kumi na nne, na kila wiki moja inamwangusha. Nilikuwa namsema sana.

Ila huku kwetu neno dau halikai kwenye mpira tu. Ukitaka mbuzi mnadani Handeni, dalali anakwambia panda dau. Boda wa Segera ukimtajia bei anacheka, "Dau lako dogo, braza." Hata kwenye posa mshenga anaulizwa wamekuja na dau gani.

Unalisema kutwa nzima na hujioni mcheza kamari. Hapo ndipo niliponasa.

Masika yalikuwa yanaishia. Tumesimamisha kuta za vyumba vitatu, tofali za udongo, juu tumefunika maturubai. Hela ya bati arobaini ipo, mke wangu Mwajuma kaidunduliza karibu miaka miwili. Vuli ikizikuta zile kuta wazi, zinarudi kuwa tope.

Nikasikia upande wa Kabuku kuna Mama Zaina anauza maua. Kwa msiojua, kununua maua ni kulipia machungwa kabla hayajawa machungwa. Unalipa leo, unavuna miezi ijayo, na litakalotokea katikati ni lako.

Hesabu yangu ilisema bati arobaini zitazaa sabini, kabla ya vuli.

Mwajuma akauliza, "Umehesabu?"

"Mara mbili."

Nikaenda. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hesabu miti kwanza, ndiyo tuongee."

Mara ya kwanza nikapata miti 84, mara ya pili 83. Nikalipia 83.

Akasema, "Panda dau kidogo, mwanangu, una mkono mgumu." Nikapanda kidogo kwelikweli. Nikarudi Korogwe najiona mjanja.

Miti nilihesabu. Maua, hapana.

Wiki ya tatu ukaja upepo mkavu. Kila Ijumaa baada ya swala nawasha pikipiki, naenda kuhesabu vichungwa kwenye mti mmoja wa mfano. Tisini. Ijumaa iliyofuata arobaini na moja. Nikarudia nikiomba nimekosea, nikapata thelathini na tisa.

Wingu likitokea sijui nifurahi au nikimbie. Kabuku naitaka mvua, Korogwe siitaki, na hakuna wa kulielekeza wingu.

Nikamwendea Mama Zaina anirudishie japo kidogo. Hakukasirika.

"Baba, yangezaa mara mbili, ungeniletea nusu?"

Nikawasha pikipiki, nikarudi Korogwe.

Shabani naye akapata siku yake. "Mkeka umechanika, shemeji. Mimi huwa napoteza buku, sijawahi kupoteza paa."

Mvua ikaja baadaye, ikaokoa yaliyobaki. Nikavuna, nikauza, nikapata bati ishirini na sita. Tukaezeka vyumba viwili. Cha tatu vuli ilikikuta wazi, kona moja ikaenda chini.

Mwajuma hakunisema hata siku moja, wakuu. Ningeomba aniseme tu yaishe. Juzi mgeni kauliza, "Na hiki mbona hakina bati?" Mwajuma akajibu huku anamenya mihogo, "Hicho ni chumba cha dau."

Sasa ndilo jina lake. Watoto wanasema mpira umeingia chumba cha dau, kuku katagia chumba cha dau.

Nilichojifunza: nilidhani dau ni bei ninayoitaja. Kumbe ni kile ambacho siwezi kukirudisha nyumbani ikishindikana. Siku hizi kabla sijataja bei najiuliza nimeshika nini mkononi, na ni cha nani.

Waliowahi kununua maua, iwe machungwa, korosho au chochote, niambieni: mnajuaje pa kuishia?

Pole zenu nimezipokea tayari. Mwenye kujua bati nafuu kati ya hapa na Mkumbara aandike bei. Zimebaki kumi na nne, nimehesabu.