Mgeni Aliyekuja Kumuulizia Thani

Shangazi Bakhita hakungoja hata Thani avue viatu. "Njoo unipe mkono, mwanangu! Wamekuja kukuulizia."

Thani alifurahi, na papo hapo akaingiwa na wasiwasi. Alikuwa amemposa Mazoon, na upande wa mke una desturi ya kumtuma mtu mpole aulizie: kijana ana tabia gani, ana kazi gani? Na kazi ndiyo hiyo hana! Kampuni ilimpunguza, sasa anaishi kwa bima ya kukosa kazi, na habari hiyo ya bima alimficha hata shangazi yake kwa aibu. Duka la vitumbua la shangazi, pale mtaani Ghubra, alikuwa akilikalia tu shangazi anapokwenda kuswali.

"Umemwambia nini, Shangazi?"

"Nlimwambia wewe ndiye unayeliendesha duka, na mshahara nnakupa mnono. Ulitaka niseme unakaa bure? Kijana mwenyewe mstaarabu, wallahi. Safwan jina lake, yuko ofisi ya bima. Wakwe zako watu wa maana!"

Thani akakaa juu ya gunia la mchele. Huyo hakuwa mtu wa Mazoon. Alikuwa mkaguzi, anayewasaka wanaokula bima huku wana kazi zao. Sasa malipo yatakatwa, ataambiwa arudishe yote aliyokula, na jina lake litakuwa mwizi. Ikabidi amweleze shangazi kila kitu, na Bi Bakhita, maskini, akashika kichwa.

Asubuhi wakaenda wote wawili kwenye ofisi ya bima. Ukumbi ulijaa watu. Bi Bakhita akaeleza habari ya posa, akazunguka na kuzunguka, Safwan akimsikiliza bila kucheka.

"Kwa hiyo, mama, ana kazi au hana?"

Bi Bakhita akavuta shela yake. Tangu Thani apunguzwe, neno hilo halijapata kumtoka mbele ya watu.

"Hana," akasema. "Hana kazi. Nnampa chakula tu."

Safwan akawaambia atapita tena dukani kuhakikisha, na kwa sasa malipo yataendelea. Thani alishusha pumzi, lakini lile "hana" lilikuwa limemchoma.

Ndani ya gari, walipokaribia Ghubra, Bi Bakhita akamgeukia.

"Na hao wa Mazoon wakija kweli, niwaambie nini?"

Thani akakata kona kuelekea dukani.

"Waambie hivyo hivyo ulivyosema leo, Shangazi."