Mistari na Skrini Nyeusi ya Shemeji

Kwenye duka la fotokopi alikokuwa akifanya kazi walimwita Mistari, kwa sababu hakuweza kuona karatasi tupu asiichore, na mstari wake ulinyooka hata bila rula. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana mume, anaishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kabla ya fotokopi alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, miaka tisa mfululizo, katika ofisi ya mume wa mdogo wake. Huyo shemeji kila mtu alimwita Mhandisi, hata mkewe.

Miaka tisa hiyo Mistari alichora na Mhandisi akatia sahihi. Hilo halikumuuma sana, kazi ni kazi. Kilichomuuma kilitokea siku walipokuja wenye mradi wa maktaba. Mistari alikuwa amekaa wiki saba akijenga maktaba ile ndani ya kompyuta, ngazi kwa ngazi, mpaka ungeweza kuingia mlangoni na kuzunguka rafu kama uliye ndani. Wageni walistaajabu. Mmoja akauliza, "Hii imefanywa na nani?"

Mistari alikuwa amesimama pale pale, ameshika trei ya soda.

"Ni mkono wangu," Mhandisi akajibu. "Huyu ni shemeji yangu, anatusaidia kuchapa."

Wageni walipoondoka, Mistari akamfuata mezani kwake. Hakupiga kelele. Aliomba jambo moja tu, kwamba jina lake liandikwe kwenye michoro, hata kwa herufi ndogo, hata pembeni. Mhandisi akamjibu mbele ya ofisi nzima, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

"Shemeji, hapa ni ofisini, si sebuleni kwa mama yako. Ukitaka jina, kalitafute mahali pengine."

Akafungua kabati, akatoa laptop moja nzito iliyokuwa imeanguka na kufa, akaisukuma juu ya meza. "Chukua na hii, usije ukasema nilikuacha mikono mitupu."

Mistari aliichukua. Wenzake walidhani ataitupa jalalani. Yeye aliibeba kifuani mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa akisema neno moja tu kimoyomoyo: utaona.

Wiki mbili hakula vizuri. Mdogo wake hakuja kumwona, wala hakupiga simu.

Mwezi wa tatu tangu aondoke ofisini, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa duka la fotokopi alikopata kazi. Kamati moja ya afya ilikuwa inatafuta mchoro wa kliniki ya mama na mtoto, na mtu yeyote mwenye cheti cha uchoraji aliruhusiwa kushindana. Kulikuwa na sharti moja: mchoro uonyeshwe ukiwa unatembea kwenye skrini, ili wakunga na wauguzi wasiosoma ramani nao waone. Mistari alisoma mara mbili. Alijua Mhandisi ataingia. Kitu kama hicho hakimpiti.

Usiku ule alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Laptop ilikuwa imekufa diski tu. Akapata diski ya zamani dukani, akaipachika, akaweka Linux, mfumo ule ule aliouzoea ofisini. Ikawaka. Bawaba ya kushoto ilikuwa imevunjika, kwa hiyo aliiegemeza skrini kwenye pasi ya mama yake. Akafungua mchoro wa kliniki aliouanza kwenye karatasi, akauhamishia ndani, akajaribu kuuzungusha. Jengo likageuka kwa kusitasita, likaganda, likageuka tena, kama mzee anayeinuka kitini.

Alijua ni nini. Ndani ya ile laptop kulikuwa na kadi ya picha yenye nguvu, lakini mfumo ulikuwa unaiendesha kwa programu ya bure ya kawaida, draiva kama mafundi wanavyoiita. Ilihitaji draiva ya waliotengeneza kadi yenyewe. Ofisini kuna fundi aliyekuja siku moja akaziweka zote, yeye Mistari akazitumia tu. Sasa fundi ni yeye.

Akaipakua kwa intaneti ya dukani wakati wa chakula cha mchana, akaja nyumbani, akaiweka mwenyewe, akazima, akawasha. Skrini ikawa nyeusi tii, kistari kimoja cheupe kinapepesa pembeni.

"Vipi?" mama yake akauliza kutoka mlangoni.

"Draiva imekataa, mama."

"Dereva gani tena? Unasafiri?"

"Sisafiri. Ni draiva ya kompyuta."

"Basi kama amekataa, tafuta mwingine. Madereva wamejaa."

Mistari akacheka, na hakuwa amecheka nyumbani mle tangu siku ya maktaba. Kisha akachukua daftari la shule. Mbele akaanza kuandika kila kosa ambalo mashine ilimtolea, neno kwa neno, na alichofanya kulitatua. Nyuma, akianzia ukurasa wa mwisho, akaandika makosa ya Mhandisi, kwa tarehe. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Kurasa za nyuma zilijaa haraka kuliko za mbele.

Kosa la kwanza lilimchukua siku tatu. Draiva mbili zilikuwa zinagombea kadi moja, ile ya bure na ile mpya, na hakuna iliyokubali kumwachia mwenzake. Alijifunza kuingia kwenye ukurasa mtupu wa maandishi, akang'oa kila alichoweka, akaifungia draiva ya bure isiamke tena. Safari hii akachukua draiva kutoka kwenye ghala la mfumo wenyewe, si ile ya kupakua ovyo. Ikagoma tena. Maandishi yalisema haiwezi kujijenga, kuna mafaili ya kiini cha mfumo yanayokosekana. Akayatafuta, akayaweka. Ikajijenga. Akawasha mashine.

Hakuna kitu. Kadi imelala kama ilivyolala jana.

Siku hiyo aliuma meno mpaka taya ikamuuma. Si kwa sababu ya mashine. Mashine ilikuwa na haki yake, inakwambia kosa lako ukiisoma vizuri. Alikuwa akimwona Mhandisi ameegemea kiti chake, anapunga mkono kwa wageni. Alijiambia, mimi nitapumzika siku yule mtu atakaposimama mbele za watu akose la kusema. Akajinawa uso, akarudi mezani.

Jibu alilipata Jumapili asubuhi. Laptop ilikuwa na mlinzi ndani yake, kabla hata mfumo haujaamka, asiyeruhusu draiva yoyote isiyo na muhuri anaoutambua. Ilibidi aitambulishe draiva kwa mlinzi huyo. Mfumo ukamwomba atunge neno la siri, kisha azime na kuwasha, ndipo skrini ya buluu imuulize neno hilo hilo. Neno alilotunga lilikuwa *nitakuonyesha*. Mara ya kwanza skrini ya buluu ilitokea akiwa anammiminia mama yake chai, ikangoja sekunde chache ikaondoka. Akarudia. Mara ya pili alikaa mbele yake bila kupepesa, akakubali kusajili muhuri, akaandika neno lake herufi moja moja, kwa kuzibonyeza kwa nguvu kana kwamba kila kitufe kina uso wa mtu.

Mashine ikawaka. Akaandika amri ya kuuliza hali ya kadi, nayo ikajibu: jina lake, joto lake, kumbukumbu yake, yote. Akafungua kliniki, akaigusa kwa kidole. Ikazunguka laini kama sahani ya maji.

"Mama! Njoo uone!"

Mama akaja na miwani yake. Mistari akamwingiza mlangoni mwa kliniki, akampitisha mapokezi, akamfikisha chumba cha kujifungulia. Mama akasogea nyuma kidogo. "Mbona kama nitajikwaa," akasema.

Lilibaki balaa moja. Siku nne kabla ya mashindano aliruhusu mfumo ujisasishe, na asubuhi yake skrini ikawa nyeusi tena. Alikaribia kulia. Lakini sasa alikuwa na daftari na alikuwa na ubishi. Akagundua kwamba sasisho lilikuwa limeleta kiini kipya, na draiva bado haijajijenga juu yake. Kiini cha zamani kilikuwa bado kipo. Unawasha, unabonyeza kitufe kimoja mapema, menyu inatokea, unachagua kiini cha jana, kila kitu kinarudi. Dakika mbili, basi. Akaandika hilo daftarini kwa kalamu nyekundu, na hakugusa tena sasisho lolote.

Mashindano yalifanyika Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu. Viti vya plastiki, projekta moja, kamati ya watu watano, mmoja wao mkunga mkuu aliyevaa sare zake. Mistari alikuwa wa nne. Mhandisi alikuwa wa tano, amekuja na suti na mkewe. Alipomwona Mistari akiegemeza skrini yake kwenye kitabu alitabasamu.

"Shemeji! Kumbe ile mbovu bado inapumua?"

"Inapumua," Mistari akasema.

Alipopanda mbele, sauti yake ilitetemeka kwa sentensi mbili tu. Mkunga mkuu akamkatiza. "Samahani. Mama analetwa kwa machela, anatoka damu. Hapo kwenye kona, machela inapita?" Wengine watatu waliotangulia walikuwa wamerekodi video, ambazo hazingeweza kugeuka popote ila zilikoelekea. Mistari akaigeuza kliniki hai mbele yao, akashuka mpaka kimo cha mtu anayesukuma machela, akakata ile kona, akapita mlango, akaingia chumba cha upasuaji. Mkunga akainama mbele. "Rudia tena," akasema, na aliporudia akaanza kuandika.

Ikafika zamu ya Mhandisi. Akachomeka waya, akawasha, akasimama kwa madaha. Ukutani pakatokea weusi na kistari cheupe kinachopepesa.

Akabonyeza hiki na kile. Akazima, akawasha. Weusi. Ukumbi ukaanza kunong'ona. "Jana ilikuwa nzima," akasema. "Asubuhi iliomba kujisasisha, nikaikubalia."

Mistari, kwenye kiti chake, akahisi joto likimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Alijua. Kati ya wote mle ndani, ni yeye peke yake aliyejua.

Mhandisi alimtafuta kwa macho. Jasho lilikuwa limeloanisha kola. "Shemeji," akaita, na mara hii sauti ilikuwa ya chini, "hebu njoo uniangalizie. Wewe unaziweza hizi."

Watu wote wakageuka. Mdogo wake naye akageuka, anamwangalia kwa macho ya kuomba.

Mistari akakaa vile vile, mikono juu ya mapaja. "Mimi nasaidia kuchapa tu, Mhandisi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Aliyechora ndiye anayejua."

Mwenyekiti wa kamati akamwomba Mhandisi aeleze kwa mdomo. Akajaribu. Mkunga akamuuliza mlango wa chumba cha kujifungulia una upana gani, akasema ni wa kawaida. Akaulizwa maji machafu yanatokea upande gani, akasema atarudi ofisini kuangalia. Alipewa dakika ishirini. Alimaliza kwa tisa.

Matokeo yalitoka Ijumaa. Kliniki ilikuwa ya Mistari.

Jumamosi mdogo wake akaja. Mistari na mama walikuwa uani wanaanua nguo. Alimwamkia mama, akaingia ndani bila kukaribishwa, akaweka begi la laptop mezani. Mistari akamfuata.

"Hajala tangu Jumanne," akasema.

"Mimi sikula wiki mbili. Ulikuja?"

Mdogo wake akaitoa mashine ndani ya begi. "Dada, sikuja kugombana. Mashine bado haiwaki. Kazi zote za ofisi zimo humo. Amenituma."

"Amekutuma wewe."

"Anaona aibu."

Mistari aliitazama ile mashine kwa muda. Angeweza kukataa tena na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akavuta kiti. "Kaa hapa," akasema. "Angalia saa ya ukutani."

Akawasha. Akabonyeza kitufe. Menyu ikatokea, akashuka mistari miwili, akachagua. Skrini ikajaa rangi, na picha ya Mhandisi na mkewe siku ya harusi ikawaangalia wote wawili.

"Imepita muda gani?"

Mdogo wake akageukia saa ya ukutani.

"Nimekuuliza, mdogo wangu."

"Hata dakika mbili hazijafika."

"Mwambie hivyo. Mwambie uliangalia saa wewe mwenyewe."

Mdogo wake akaweka mkono juu ya kifuniko. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hayakumwagika. "Kwa hiyo siku ile ungeweza," akasema.

"Ningeweza."

"Na mimi nimekaa pale, unaniona."

"Nilikuona."

Mdogo wake akaifunga mashine, akairudisha ndani ya begi, akafunga zipu taratibu. Uani alimuaga mama kwa heshima zote. Dada yake hakumuaga.

Mama akaingia na rundo la nguo kavu, akaanza kuzikunja juu ya kitanda. "Umeridhika?" akauliza bila kuinua kichwa.

Mistari alijipekua kwa uaminifu, akitafuta kama kuna mahali panapomuuma. Palikuwepo mahali pamoja, padogo, na palikuwa na sura ya mdogo wake. Kwingine kote palikuwa pametulia.

"Nimeridhika, mama," akasema. "Nipe hayo mashuka nikusaidie."