Kalamu za Kiti cha Ekuru

Akeno hakuwa mtu wa kutazama miti. Nani ana nafasi hiyo? Mti kwake ulikuwa makaa ambayo hayajachomwa bado, basi. Alichoma mathenge, ule mti wa miiba ulioenea kila mahali huko, akajaza gunia, akajitwika kutoka kwao, kijiji cha Waturkana ng'ambo ya mto Tarach, mpaka ndani ya kambi ya Kakuma, akapiga hodi nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilikuwa imemkausha mwili, ila ulimi haukukauka: ukimpunja bei utayasikia matusi mpaka uombe msamaha. Aliyemfundisha kutazama mti ni Yai.

Yai alikuwa Mdinka, mkimbizi, fundi wa kukereza kalamu. Mashine yake aliiunda mwenyewe kwa gurudumu la baiskeli na ukanda wa tairi. Anakanyaga kwa mguu, kipande cha mti kinazunguka, patasi inakula, maranda yanaruka, na mwisho kalamu hiyo, bado kutiwa wino tu. Mkimbizi haruhusiwi kukata mti Kakuma, wenyeji wangemtoa roho, kwa hiyo aliokotaokota miguu ya vitanda vibovu na mbao za masanduku. Siku moja mwaka wa 2012 alinunua gunia la Akeno, akalimwaga, akakuta kisiki kilichokataa kuungua. Akakipasua, akamwita Akeno kwa jina la mwanawe.

"Mama Ekuru! Kuja uone! Wewe unachoma kitu kama hii?"

"Si ni kuni?"

"Kuni gani! Tazama basi!" Akatema mate kwenye kile kipande, akasugua kwa kidole gumba. Rangi ya asali ikajitokeza, na ndani yake mistari myeusi imejikunja kama moshi. Akeno akashika mdomo. Miaka yote hiyo alikuwa akichoma uzuri bila kujua, na hakuna aliyemwambia.

Kuanzia siku hiyo macho yake yaliharibika. Hakuweza tena kupita kitu cha mti bila kukigeuza. Alileta nguzo ya zizi la mbuzi, iliyokunywa mkojo wa mbuzi mpaka kiini chake kikaiva kahawia. Alileta chombo cha maziwa kilichopasuka, kimejaa mafuta hadi moyoni, ukikikereza kinang'aa bila kupakwa chochote. Alileta mchi uliovunjika, na mzizi uliofukuliwa na mafuriko. Kila alicholeta, Yai alikipasua palepale, akatema mate, na wote wawili wakainama kuchungulia. Mke wa Yai, Adhel, alikuwa akiwacheka: "Wazee wazima, mnatemea kuni mate!" Walikuwa na raha, na niseme wazi, Akeno hakuwa amewahi kupata raha nyingine ya bure kama hiyo tangu mumewe afariki.

Ndipo likaja lile la Ekuru.

Ekuru alikuwa mwanawe wa pekee, mrefu, mchokozi, mwenye kovu bega la kushoto alipoumwa na ngamia. Kiangazi cha mwaka uleule alikwenda na mifugo kuelekea mpakani kutafuta malisho. Wavamizi wakaja, mifugo ikaenda, vijana wenzake wakaokotwa wamekufa. Yeye hakuonekana, si mzima wala maiti.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Mwanamume wa Kiturkana hatembei bila ekicholong, kile kiti kidogo cha mti anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku. Ekuru alikuwa na kiti alichoachiwa na baba yake, kikuukuu, cheusi kwa mafuta ya vichwa vya watu wawili. Hicho hakusafiri nacho. Alibeba kingine cha hovyo. Kile cha baba alikitundika mtini nje ya boma, kwa ugwe wa ngozi. Na kwa ukoo wao, kiti kilichotundikwa hakiguswi na mtu mpaka mwenyewe arudi akiteremshe kwa mkono wake. Kikiwa juu, mwenyewe yuko hai. Wakikiteremsha wengine, basi wamekwisha kumlilia, na hata akitokea siku moja kwa miguu yake hawezi kuingia nyumbani, maana atakuwa ameleta mauti mlangoni. Tena kiti hicho hakizungumziwi. Ukisema "tunamngoja" umekubali kwamba huenda asije.

Akeno hakusema. Kila asubuhi aliinua macho, akakiona, akajitwika gunia lake na kwenda zake.

Mwaka ukaisha. Shemeji yake Emanikor akaja kutoka Lokichar, ambako alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwa wale watu wa kutafuta mafuta na kuota kitambi. Mbuzi waliobaki nyumbani walikuwa wa Ekuru, na Emanikor alikuwa amewatazama hao mbuzi muda mrefu.

"Shemeji," akamwambia, "kijana amekwenda. Jumamosi nitakuja na wazee tukiteremshe."

"Amekwenda wapi? Wewe ulimwona?"

"Usinipigie kelele."

"Nitakupigia! Mwanangu yuko hai, wewe mbuzi wake wanakuwasha meno!"

Maneno yalikuwa makali, lakini alijua hayatasaidia, kwa kuwa wazee wangemsikiliza Emanikor. Akawaza usiku kucha mpaka akaona njia. Hawawezi kuteremsha kisichokuwepo. Alfajiri akapanda juu ya gunia, akafungua ule ugwe huku akimwambia mwanawe kwamba ni kuazima tu, wakiondoka hawa atakirudisha pale pale. Na utaficha wapi kitu cha mti kisionekane? Kwenye rundo la miti. Akakitia chini ya makaa, akaenda kambini kwa Yai.

Yai alikuwa kwenye foleni ya posho. Akeno akakisimamisha kiti na ugwe wake juu ya rundo la fundi, akamwambia Adhel, "Hii ni ya Yai akae nayo." Basi. Hakusema ni cha nani wala kwa nini. Angesemaje? Tena aliona hakuna haja: mwanamume gani asiyejua kiti cha mwanamume? Wadinka nao si wana viti vyao vya kulalia? Alikwenda nyumbani moyo umetulia.

Jumamosi wazee walikuta tawi tupu. Emanikor alifoka, akapekua nyumba mpaka ndani ya vibuyu. Mzee mmoja akasema huenda Ekuru mwenyewe amepita usiku akakichukua, na wazee wote wakaogopa, wakaondoka. Akeno alicheka peke yake kama kichaa. Emanikor hakuondoka, alikaa wiki nzima akimvizia, kisha likizo yake ikaisha akarudi Lokichar. Siku hiyohiyo Akeno akavuka Tarach karibu akimbie.

Yai alimwona kwa mbali, akasimama, mikono juu, akamwamkia kwa Kiturkana.

"Mama Ekuru! Ejok! Wewe ulipata wapi mti ile? Miaka yangu yote sijaona mti kama ile!"

Akeno akatazama chini. Maranda yalikuwa yamejaa miguuni pa mashine, meusi, yanang'aa, na harufu ya mafuta ya kichwa cha mwanawe ilikuwa bado mle ndani. Kando palikuwa na ncha ya mguu wa kiti, na ule ugwe wa ngozi umefunga mfuko wa misumari.

"Kiko wapi?"

"Kalamu? Zimeenda Lodwar! Ofisi moja iliagiza zawadi za wageni, wametuma gari…" Yai akauona uso wake, akashusha mikono.

"Umenichinjia mtoto," Akeno akasema.

Akamweleza. Yale yote yasiyosemwa aliyasema, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, na matusi yote aliyoyajua hayakumjia hata moja. Yai alikaa juu ya maranda.

"Sikujua, mama. Haki ya Mungu sikujua."

"Mwanamume mzima! Hukuona ni kiti?"

"Niliona ni kiti. Umeniletea mchi, umeniletea nguzo, umeniletea chombo cha maziwa. Zote nimekata, wewe umecheka." Akajifuta uso. "Mimi nilitoka kwetu mtoto. Baba alibaki njiani. Nani alinionyesha kiti cha mwanamume? Nimelelewa na kambi."

Akeno aliona ni kweli, na ukweli huo ulimkera zaidi. Angependa sana kumchukia. Aliuchomoa ule ugwe, akaondoka, na hakukanyaga tena pale.

Alikwenda Lodwar juu ya lori la mbuzi. Akauliza, akaelekezwa, akafukuzwa na bawabu, akarudi, mpaka akafika mezani kwa karani mmoja aitwaye Josiah. Wageni walikuwa wamekwisha kupewa zawadi zao na kupanda ndege. Iliyosalia ilikuwa moja, mfukoni mwa shati la Josiah mwenyewe.

"Hii? Hii ni yangu, mama. Wewe utaandika nini nayo?"

"Siandiki. Naenda kuitundika."

Josiah akaanza kucheka, kisha akaona mkono bado umenyooshwa kwake, ugwe wa ngozi umezungushwa vidoleni. Akaichomoa, akaitazama mara ya mwisho, maana ilikuwa nzuri kweli, akampa.

Akeno aliifunga kwa ugwe uleule, kwenye tawi lilelile. Watu walicheka. Emanikor aliposikia alisema shemeji yake amerukwa na akili, mwacheni na mbuzi zake. Kila asubuhi alikuwa akiinua macho, anaitafuta, na hata yeye aliyejua ilipo ilimchukua muda kuiona kati ya vijiti.

Mwisho wa mwaka huo wa 2013, jioni, alirudi kutoka kuuza makaa mjini Kakuma akamkuta jirani yake Nabei amesimama njiani na mbuzi zake.

"Kuna mwanamume alikuja kwako," Nabei akasema. "Mwembamba, anachechemea. Hakuingia. Alisimama chini ya mti, akatazama juu tawi kwa tawi. Akachota mchanga, akaumwaga mlangoni pako kama mtu anayezika, akaenda."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa na kovu hapa." Nabei akashika bega lake la kushoto.

Gunia likaanguka. Akeno alifuata nyayo, mguu mmoja umekanyaga, mwingine umeburutwa, akiita jina mpaka sauti ikakauka. Nyayo zilifika barabara kuu ya Lokichoggio, mahali malori yanaposimama, zikaishia hapo.

Nabei alimkuta chini ya mti. Alikuwa ameinua mkono, ameishika ile kalamu bila kuivuta.

"Ilikuwa hapa," akasema.

"Nini?"

"Ilikuwa hapa hapa, Nabei. Yeye alikuwa anatafuta kiti."