Mafuta ya Jeti Jikoni kwa Dada

Wajukuu wake wanamkumbuka dada yangu kuwa bibi mwoga, na mimi sikubali. Nilimwona kwa macho yangu akimtoa nyoka chooni kwa ufagio. Nilimsikia akimwambia mwenye nyumba wetu, mbele ya wapangaji wote, kwamba paa lake linavuja kuliko chujio la chai, na yule baba mwenye kitambi akaondoka bila kuaga. Mtu wa namna hiyo humwiti mwoga. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, ila kilipita juu ya bati letu kila siku alasiri.

Tuliishi jirani na uwanja wa ndege, katika nyumba ya vyumba sita vinavyozunguka ua mmoja wa saruji, bomba moja, choo kimoja, na kamba za nguo zilizogombaniwa kila Jumamosi. Dada na mumewe walikuwa na vyumba viwili na kichumba cha kupikia. Mimi mdogo wake nilipanga chumba cha mwisho. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya bima mjini, sijaolewa, na shemeji hakuniacha nipumue kwa jambo hilo.

"Shemeji, hiyo mashine ya chapa ndiyo mchumba?"

"Afadhali yangu hainuki mafuta," namjibu.

Na yeye alinuka kweli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaza ndege mafuta.

Hapo mwanzo zilikuwa ndege za pangaboi tu. Zilikuja zikinguruma taratibu, ukizisikia una nafasi ya kumaliza sentensi yako. Baadaye wakarefusha njia ya kurukia, wakakata miti, na siku moja ikaja jeti ya kwanza. Mji mzima ulikwenda kuitazama, wanaume na tai zao, wanawake na viatu vya kisigino, kana kwamba wao ndio wanaosafiri. Dada hakwenda. Alikuwa anaanua nguo. Jeti ikapita juu ya ua ikiwa chini mno, akaona magurudumu yake, akasikia mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia hapa kwetu. Kioo cha kabati kikapasuka. Tuliporudi na soda zetu mkononi tulimkuta amekaa chini kwenye saruji, shuka kichwani.

"Hicho kidude kitatuangukia," alisema. "Kama si leo, kesho."

Shemeji, badala ya kumtuliza, akaanza kumweleza sifa za ndege yake. Dada akamuuliza inabeba mafuta kiasi gani. Naye kwa fahari akamwambia kwamba hata ukikusanya mapipa ya mtaa mzima hayatoshi. Wanaume wengine hawajui pa kunyamaza. Kuanzia siku hiyo dada akaweka sheria: jeti ikikaribia, moto uzimwe. Alisema ikianguka na mafuta yote yale ikakuta jiko linawaka, hatutapata hata wa kuzika. Basi kila alasiri alizima jiko, akamshika bintiye mdogo mkono, akasimama uani akitazama juu mpaka ipite. Ikishapita ndipo huwasha tena na kupika chakula cha jioni. Siku ikichelewa, na sisi tulichelewa kula, tena kununa hakukusaidia.

Cha kuchekesha ni kwamba jiko lake na ile jeti vilikula chakula kimoja. Jeti hazitumii petroli kama magari. Zinatumia mafuta ya taa, ila yaliyosafishwa vizuri zaidi. Kila asubuhi shemeji na wenzake walifungua koki ndogo chini ya tangi, wakakinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, wakayainua kwenye mwanga kuangalia kama yana maji. Yakishakingwa hayarudishwi ndegeni. Yalimwagwa kwenye ndoo, na wafanyakazi wakapokezana kwenda nayo nyumbani. Bosi wao alijua, akajifanya hajui. Hivyo jiko letu la tambi liliwaka kwa mafuta ya jeti, na taa zetu pia, na dada hakuwa na tabu nayo. Ndege ndiyo aliyoiogopa, mafuta yalikuwa rafiki yake.

Sasa, ndege za pangaboi hazikuwa zimekwisha. Hizo zilikunywa petroli, nayo ilikingwa vilevile asubuhi, ila iliwekwa kwenye ndoo nyekundu, ya kuoshea vyuma vyenye grisi. Aliyezihudumia ni mwenzake shemeji waliyemwita Mrefu, mtu mwema, msahaulifu kuliko kuku. Jumamosi moja kitako cha ndoo nyekundu kilitoboka kwa kutu. Mrefu akamimina petroli yake kwenye ndoo iliyokuwa karibu, ile ya mafuta ya taa, akisema moyoni atawaambia wenzake. Mara akaitwa upande wa pili wa uwanja, na neno likamtoka kichwani.

Zamu ya kuchukua mafuta ilikuwa ya shemeji. Akajaza galoni lake, akampa mfagiaji aliyekuwa anatoka kazini alipitishe nyumbani, maana yeye alibaki kuingoja jeti ya alasiri. Petroli ikichanganyika na mafuta ya taa macho hayaijui. Moto ndio unaoijua.

Galoni likafika. Nilikuwepo uani, nafua blauzi zangu za kazini. Dada akazima jiko kama kawaida yake, likapoa, akalijaza mafuta mapya. Halafu akamimina kikombe kimoja kwa ajili ya fundi cherehani, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu dada hakuweza kupata kitu asigawe. Mtaniuliza, harufu je? Nyumba ile ilinuka mafuta kuanzia mashuka hadi mkate. Pua zetu zilikuwa zimeshastaafu.

Yaliyotokea uwanjani shemeji alitusimulia baadaye, na kila aliposimulia alikuwa anafuta viganja kwenye suruali. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori la mafuta, yeye na Mrefu, wanakunywa chai. Jeti ilikuwa imechelewa.

"Bwana, ndoo yangu imetoboka," Mrefu akasema. "Ile petroli ya leo nimeimwaga kwenye yenu. Mwambie anayechukua leo asiipeleke jikoni."

"Nimeshachukua mimi," shemeji akasema.

Simu ya mtaani kwetu ilikuwa moja, kwenye duka la dawa, na Jumamosi mchana duka lilifungwa. Shemeji akarukia baiskeli. Kitu kimoja tu kilimpa matumaini: alimjua mkewe. Jeti haijapita, jiko haliwashwi. Mtu aliyekuwa akiomba kila siku ndege zifike salama na kwa wakati, siku hiyo aliomba ichelewe, ikwame mawinguni, irudi ilikotoka. Alisema alikuwa anaomba kwa sauti, watu barabarani wakimpisha wakidhani kichwa kimemruka. Akafuata uzio wa uwanja, akapita kiwanda cha soda, akaanza kupanda kilima. Alipofika juu akaiona mbele yake. Ilikuwa inashuka juu ya mapaa ya mtaa wetu, inamjia, magurudumu yametoka. Ilimpita juu ya kichwa. Akajua imeshapita nyumbani kwake.

Sisi tulikuwa uani, shingo juu. Jeti ilipita na mlio wake, vikombe vikagongana kabatini, dada akafumba macho, akafumbua.

"Haya, imepita," akasema, akacheka kidogo kama alivyocheka kila siku baada ya kuona bado yu hai. Akaniachia mtoto, akaingia jikoni.

Nikasikia njiti ya kiberiti ikikwaruza.

Haukuwa mlipuko mkubwa. Ilikuwa sauti nzito ya chini, kama blanketi linalokung'utwa, na mlango wa jikoni ukajaa mwanga. Dada akatoka ameinyoosha mikono mbele yake, na mikono ilikuwa inawaka. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeuliza njia. Na mimi, nasema ukweli, nilimkumbatia mtoto nikamfunika uso, na miguu yangu ikakataa kabisa kwenda mbele. Sijawahi kuogopa namna ile kabla wala baada. Dereva wa lori wa chumba cha tatu ndiye aliyenyakua blanketi bichi kwenye kamba, akamfunga nalo dada mzimamzima, akamlaza chini. Wengine wakarusha mchanga jikoni hadi moto ukafa.

Tulikuwa tumemkalisha na mikono kwenye beseni la maji shemeji alipoingia. Baiskeli ilianguka, naye akasimama juu yake hajui ameikanyaga.

"Mafuta," akasema. "Yana petroli. Yana petroli, mke wangu."

Nilitegemea dada amtukane, amlilie, lolote. Yeye akageuza uso kuelekea barabarani.

"Fundi," akasema. "Nimempa kikombe."

Jua lilikuwa linazama. Fundi cherehani alikuwa mama mtu mzima aliyeishi peke yake, na masikio yake yalikuwa yameharibiwa na miaka mingi ya cherehani. Giza likianza kuingia huwasha taa aendelee na kazi. Hilo kila mtu mtaani alilijua. Shemeji alitoka mbio, na safari hii miguu yangu ilikubali, nikamfuata. Tulivuka barabara. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tulisikia cherehani ikikimbia, tukagonga, tukaita, shemeji akapiga mlango kwa bega. Kisha cherehani ikanyamaza. Tukatazamana. Ikinyamaza maana yake ameinuka, na akiinuka saa kama ile anakwenda kwenye taa.

Shemeji akavunja kioo cha dirisha kwa kiwiko. Ndani tulimwona fundi amesimama, chimni ya taa mkono mmoja, kiberiti mkono mwingine. Alipoona mkono wa mwanamume wenye damu unaingia dirishani mwake hakuuliza mwenyewe ni nani. Alitupa kiberiti, akashika mkasi wake wa kukatia vitambaa, akamrushia shemeji usoni. Ulimkosa kidogo tu. Shemeji akabaki ameshika nondo za dirisha, anacheka na kulia kwa pamoja, anasema, "Asante mama, asante mama," na yule bibi anaita mwizi kwa sauti ya kuamsha mji.

Dada alikaa hospitali muda mrefu. Mikono ilipona, ila ngozi ilibaki inang'aa na vidole havikukunjika tena vizuri. Kushika sindano ilikuwa basi. Watu wa uani walingoja ndoa ivunjike, na wengine nadhani walikuwa na hamu. Mrefu alikuja na machungwa, akakaa mlangoni, akashindwa kuingia. Shemeji alipomwambia mkewe, "Nimekuunguza mimi," dada alimjibu, "Kiberiti nilishika mimi. Usininyang'anye na hilo." Alikuwa na kiburi hata katika maumivu.

Lakini kweli shemeji alimnyang'anya. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyewasha moto katika nyumba ile. Aliwasha asubuhi kabla ya kwenda kazini, akawasha jioni akirudi, na akiwa zamu tulikula baridi. Kwanza alinusa mafuta, akadondosha tone kwenye kidole, akanusa tena. Kisha alisema, "Tokeni nje." Tulitoka, dada, mtoto, na mimi kama nimekuja kuomba chumvi. Tulisimama uani tukisikiliza njiti. Wanaume walimcheka, wakamuuliza lini ataanza kusuka nywele, na yeye ambaye alikuwa na jibu kwa kila mzaha akaendelea kunusa mafuta yake. Hofu ilikuwa imemwingia, akaifanya kazi yake ya kila siku.

Na dada? Jeti zikaongezeka, zikawa nyingi hadi usiku. Zilipita juu ya kichwa chake wala hakuinua macho. Alikuwa anautazama mlango wa jikoni, na mpaka atoke mumewe hakupumua sawasawa. Niliolewa, nikahama, nikarudi mjane, nikawakuta wanafanya vilevile. Jiko la tambi likatupwa, likaja la gesi. Shemeji akastaafu, mgongo ukapinda, mikono ikaanza kutetemeka, na bado alisema, "Tokeni nje," na mkewe akatoka.

Shemeji tulimzika mwaka ule wa mvua nyingi. Waombolezaji walipokwisha kuondoka nilibaki na dada, wote tumechoka, nikasema ngoja nichemshe chai. Nikaingia jikoni, nikachukua kiberiti. Nilipogeuka nilimwona dada amesimama kwenye kizingiti, mkono wake mgumu umeshika fremu ya mlango, haingii wala haendi.

"Njoo ukae," nikamwambia. "Unangoja nini?"

"Hajatuambia tutoke," akasema.

Nikakirudisha kiberiti kwenye rafu. Tulikwenda uani tukakaa kwenye ngazi, na jioni ile hatukunywa chai.