Rili Haijazwi na Mtu Mmoja

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na niliamini duka la zana za uvuvi ni ofisi kama ofisi nyingine. Mkuu wa Stoo alinitazama kuanzia visigino kwenda juu, akanikabidhi fundo la nyuzi zilizosokotana kama nywele za mgonjwa.

"Karibu ofisini, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Hilo ndilo faili lako la kwanza. Lifumue."

Nililifumua mpaka saa ya chai, nimekaa sakafuni, viatu nimevisogeza pembeni. Kesho yake nilikuja na kandambili.

Duka hilo lilikuwa Bariadi mjini, ambako ziwa hulioni hata ukipanda juu ya paa. Wavuvi walikuja huko kwa mabasi kununua vitu, wakarudi kwao. Mimi hali hiyo ilinifaa sana. Ni mtu wa nyumbani. Maji ninayoyaamini ni yale yaliyomo kwenye ndoo yangu mwenyewe. Miaka yote niliyouza nyuzi, ziwani sijawahi kuingia kupita magoti, na hata magoti yenyewe yalilalamika.

Nyie vijana mnaoagiza uzi kwa simu, mkaangalia picha na kuona rangi inapendeza, sikilizeni alivyonifundisha Mkuu wa Stoo. Alisema, "Mteja akikuomba uzi, wewe muulize samaki. Akikutajia samaki, muulize anamfuata wapi."

Anayevua chini ziwani, yaani anayeshusha ndoana na chubwi, ile risasi ya kuzamishia, mpaka igonge sakafu ya ziwa, anahitaji uzi wa kusuka. Huo ni nyuzinyuzi nyembamba sana zilizosukwa pamoja. Hauvutiki. Samaki akidonoa kule chini, kidole chako kinajua hapo hapo. Na kwa kuwa ni mwembamba, mkondo wa maji hauusukumi ukapinda. Mwishoni unaunga kipande cha nailoni, maana uzi wa kusuka ukisugua mawe unachanika.

Anayekokota ni habari nyingine. Huyo yuko kwenye boti yenye injini inayotembea, chambo bandia kinafuata nyuma, uzi umejazwa kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, kubwa na yenye breki. Sangara anakuja kwa kasi, boti nayo inakwenda mbele. Hapo ukitumia uzi usiovutika, utaondoka na mdomo wa samaki peke yake. Unataka nailoni, ambayo ina ulegevu ndani yake.

"Ndama mkali ukimfunga kwa mnyororo," Mkuu wa Stoo alisema, "akishtuka, ama shingo inavunjika ama nguzo. Mfunge kwa kamba inayovutika, vyote vinapona."

Baadaye nilihamishiwa Nassa, chini ya Msimamizi wa Tawi, mama asiyecheka kabla ya saa sita mchana. Huyo alinifundisha kupitisha uzi taratibu kati ya kucha mbili kutafuta makovu, na kulowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza ili lisijiunguze. Tena alinifundisha kujaribu uzi kwa kuunyoosha barabarani. "Uzi hauangaliwi," alikuwa akisema. "Shika ncha, fumba macho, usikilize kwa kidole." Nilidhani ananitania. Hakuwa mtu wa kutania. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kalemela, kando ya ziwa, na huko nilikuwa peke yangu: muuzaji, mfagiaji na bosi wa mfagiaji. Wavuvi waliniita Mama Nailoni. Walipenda kunichokoza. "Mama Nailoni, leo tunakupakia mtumbwini!" Nami nawajibu, "Mkinipakia, mjiandae kunivua majini."

Ndipo akaja Mzee Maduhu.

Alikuwa mfugaji wa Shishiyu, mjane, aliyeletwa ziwani na binti yake Kabula ili asiishi peke yake. Kabula alikuwa ameolewa na Malimi, dereva wa boti aliyekuwa akiwatembeza wageni wa nyumba moja ya kulala wageni. Sasa mzee mzima, aliyepokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa kijana huyo, anakaa kwa kijana huyo huyo anakula samaki wake. Mnajua kwetu jambo hilo linavyouma.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu.

"Mwangaluka, baba. Nikupe nini?"

"Uzi. Wa kuvua chini. Ule mnene kabisa."

Nikamuuliza samaki, kama nilivyofundishwa. Nikamweleza habari ya uzi wa kusuka, nikamwonyesha. Aliushika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota unywele kwenye ugali.

"Huu ni wa kushonea vifungo. Mimi nimefunga madume, mayu. Kamba naijua."

Akaondoka na nailoni nene ambayo ungeweza kuvutia trekta. Kila alipokwenda kuvua na wazee wenzake, alirudi na ndoana iliyoliwa chambo safi. Samaki walikuwa wanakula na kushukuru, yeye hana habari.

Siku moja Kabula alikuja dukani, macho mekundu. "Mama, baba amefungasha begi. Amelifunga kwa ule uzi wako mnene. Anasema hawezi kuwa mzigo. Gari la mnada likija, anarudi Shishiyu."

"Kule kuna nani?"

"Hakuna mtu. Nyumba yenyewe mchwa wanaimaliza."

Nikamtuma akamwite. Mzee alipofika, nilimpa ncha ya nailoni nene kama ile yake, nikavuka barabara na ncha nyingine mpaka kwenye mashine ya kusaga, nikamwambia afumbe macho na kusema kila ninapodonoa.

Nikadonoa. Kimya. Nikadonoa tena kwa nguvu. Kimya.

"Anza basi, mayu!" akapaza sauti.

Watu wa mashine wakacheka. Nikarudi, nikambadilishia kwa uzi wa kusuka, nikavuka tena. Nilipougusa tu:

"Amegusa! Tena! Huyu sasa ananidharau!"

Wakati huo mbuzi wa mwenye mashine aliamua kupita, akaukanyaga uzi. Mzee Maduhu, macho bado amefumba, alikwapua kwa nguvu zote za mtu wa madume. Mbuzi akapiga kelele, mwenye mashine akapiga kelele zaidi.

"Mzee kapata sangara mwenye pembe!"

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Akachukua uzi wa kusuka. Siku chache baadaye alifika kwa binti yake na sangara aliyemshika kwa mikono miwili.

Nikadhani kazi imekwisha. Kabula akarudi. "Samaki analeta. Lakini begi bado limefungwa. Anasema mwenye nyumba hamtaki. Akiingia uani, Malimi anatokea mlango wa nyuma."

"Malimi anamkimbia kwa heshima ya mkwe, si kwa chuki."

"Mimi najua. Baba anaona mgongo tu."

Haukupita muda, Malimi mwenyewe akaja, akichungulia kwanza kama kuna mtu. Alikuwa amebeba rili kubwa mpya kifuani kama mtoto mchanga. Bosi wake alikuwa ameinunua kwa ajili ya wageni wa kukokota.

"Mama Nailoni, nipe uzi wa mzee. Ule wa siri."

"Siri gani? Ule ni wa chini. Wewe unakokota. Unataka nailoni."

"Unamfichia siri mkwe wangu."

"Mkwe wako anajificha mwenyewe, kama wewe."

Lakini nilipoitazama rili ile, niliona tumbo lake ni kubwa na nailoni niliyobaki nayo isingelijaza. Dawa yake ni kuweka uzi wa kusuka chini kama godoro, kisha nailoni juu yake, ukaunganisha kwa fundo lisilokwama. Na rili haijazwi na mtu mmoja. Mmoja anazungusha, mwingine anashikilia bunda la uzi na kulikaza. Ukijaza kwa ulegevu, siku samaki atakapovuta, uzi wa juu unazama kati ya ule wa chini na kukwama.

"Mimi vidole vina baridi yabisi," nikasema. "Na mafundo yangu siyaamini. Namjua mtu mmoja tu hapa wa mafundo."

Malimi alielewa. Alitazama mlango, lakini duka langu halina mlango wa nyuma.

Nikatuma mtu amwite mzee. Mzee Maduhu alipofika akamkuta mkwewe amekaa kwenye kreti la soda, naye akageuka nusu kutaka kuondoka. Nikamkalisha kwenye kreti jingine, upande wa pili wa chumba. Wote wawili wakanitazama mimi.

"Mayu, mwambie azungushe taratibu."

"Malimi, zungusha taratibu."

"Mama, mwambie mzee akaze kidogo."

"Mzee, kaza kidogo."

Nilikuwa mkalimani kati ya Msukuma na Msukuma. Wakafika kwenye kuunga. Mzee alilifunga fundo kwa mkono wa mtu aliyefunga mafahali gizani, akalilowesha mate, akalikaza. Likawa dogo kama punje ya mtama. Malimi alilipitisha kwenye kucha. Halikushika.

"Duh," akasema, hakumwambia mtu yeyote.

Wakaendelea, na uzi ukaanza kupanda vibaya upande mmoja wa rili. Nikafungua mdomo, lakini nilichelewa.

"Peleka kushoto, baba!" mzee akamaka.

"Kushoto, ndiyo, mzee!" Malimi akajibu.

Kisha wote wawili wakainamia rili haraka. Mimi nikajifanya nafagia.

Rili ilipojaa, mzee aliikagua, akakunja uso. "Huko mwisho, kwenye chambo, umeweka nini? Sangara ana taya kama msasa."

"Sijaweka kitu, mzee. Ingefaa nailoni nene. Mama anasema imekwisha."

Ilikuwa imekwisha kweli.  Mzee Maduhu akasimama, akajipangusa magoti.

"Ninayo mimi," akasema. "Nimefungia begi. Twende ukaifungue."

Wakatoka, mzee mbele, mkwe nyuma.

Mimi sasa nimestaafu, niko Bariadi kwenye kiti changu. Nailoni niliyoondoka nayo nimeitundika uani naanikia nguo. Mablanketi yakilowa inavutika kidogo, yakikauka inarudi. Wakati mwingine napigiwa simu kutoka Kalemela. Mara ya mwisho alipiga Mzee Maduhu, akaniambia mambo ya mawe mapya waliyoyagundua, na uzi gani waweke. Nyuma yake nilimsikia Malimi akimbishia, naye akimjibu moja kwa moja, neno kwa neno. Kisha mzee akashusha sauti, maana mambo ya nyumbani bado yalihitaji mkalimani:

"Mayu, tukimaliza, mpigie Kabula. Mwambie amwambie mumewe chai yangu haina sukari."